Chiriku wa Uani kwa Anti

Mwaka tuliofika Durban kaka yangu alikuwa haongei. Akiulizwa alijibu, akisalimiwa aliitika, lakini maneno yake mwenyewe, yale yanayomtoka mtu bila kuulizwa, yalikuwa yameishia njiani. Kwetu Uvira kaka mkubwa huitwa yaya, na mimi nilimwita hivyo. Alikuwa mwalimu. Vita ilipotufikia, mimi nilivuka ziwa na majirani, yeye na mke wake wakashika njia ya milimani, mke akiwa mjamzito. Tulipokutana Kigoma alikuwa peke yake. Alisema, "Amekufa," kisha akaomba maji ya kunywa. Nilidhani ni risasi, au homa. Sikumuuliza.

Durban tulipanga chumba cha uani, nyuma ya nyumba kuukuu kwenye kilima cha Berea. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kihindi, na wapangaji wote tulimwita Anti. Mimi nilisuka nywele saluni mjini, yaya alilinda magari ya watu mtaa wa Greyville. Mbele ya mlango wetu kulikuwa na banda la wavu, refu kuliko mtu, alilolijenga marehemu mume wa Anti. Ndani yake waliishi chiriku wa kufugwa, wadogo kama kidole gumba, wenye midomo myekundu na mashavu ya rangi ya chungwa. Sauti yao ilikuwa kama tarumbeta ya mtoto inayopulizwa na mtu asiye na pumzi.

Watu husema Durban haina baridi. Hawajalala kwenye chumba cha uani juu ya kile kilima, upepo unapotoka milimani kwenye theluji. Majira hayo yalipokaribia, magoti ya Anti yalikuwa yameshakataa ngazi za kushukia uani. Alituita jikoni kwake akamwomba yaya amtunzie ndege. Yaya alijua Kifaransa, Kiingereza kilimpiga chenga, kwa hiyo nilimtafsiria.

"Mwambie atoe viota vyote," Anti alisema. "Jike akitaga kwenye baridi, yai linamkwama. Mume wangu alikuwa hakiachi hata kimoja."

Nilimwambia. Akatikisa kichwa kukubali.

Kazi aliifanya vizuri. Upande wa upepo aliziba kwa magunia na nailoni, akaacha upande wa jua wazi. Asubuhi alimwaga maji ya jana na kuweka mapya, akapepeta mtama kuondoa maganda, akachemsha yai na kulipondaponda pamoja na gamba lake. Siku moja nikiwa napiga mswaki nilimsikia anaongea bandani. Alikuwa anawahesabu chiriku kwa Kifaransa, taratibu, kama mwalimu anayeita wanafunzi wake asubuhi. Nilisimama na povu mdomoni. Nilifurahi, na pia niliona wivu, maana mimi alikuwa hajanipa hata sentensi moja ya namna hiyo.

Jumapili moja nilirudi kutoka kanisani nikamkuta amechuchumaa mlangoni, mikono ameikunja kifuani kama mwenye baridi. Ndani ya mikono kulikuwa na chiriku jike, amejitutumua manyoya akawa kama pamba, macho nusu yamefumba.

"Washa jiko," alisema. "Na mafuta ya kupikia, kidogo."

Niliwasha jiko la mafuta ya taa, nikapasha kitambaa, tukamzungushia. Nilichovya ncha ya kidole kwenye mafuta nikampaka chini ya mkia, pale palipokuwa pamevimba. Yai lilionekana kwa ndani, jeupe, halisogei.

"Si ulitoa viota?"

"Niliacha kimoja." Hakuniangalia. "Walikuwa wamekijenga wenyewe, unyoya juu ya unyoya. Nikaona siwezi."

Tulikaa hapo mpaka jua likaondoka uani. Ndege alisukuma, akapumzika, akasukuma tena. Halafu alinyoosha shingo juu ya kidole cha yaya, na hakuirudisha.

Nilitaka kumchukua nikamzike. Yaya hakumwachia.

"Hivi ndivyo alivyokufa," alisema.

Nilijua anamsema nani.

"Mtoto alikataa kutoka. Tuliingia kwenye nyumba ya watu waliokuwa wameshakimbia. Mvua ilikuwa kubwa. Iko mama mmoja aliyejua kuzalisha, lakini alikuwa hana kitu, hata wembe. Akaniambia nimshike mabega. Nikamshika. Asubuhi yule mama akaniambia, mwalimu, mwachie sasa."

Jiko lilikuwa linatoa moshi. Nililizima. Nikauliza swali la kijinga, kwamba mtoto walikuwa wamempangia jina gani.

"Hatukuwa tumempangia," alisema.

Kisha akalia, mkono mmoja tu usoni, kwa sababu wa pili ulikuwa bado na ndege.

Kesho yake alipanda mwenyewe kwa Anti na kumweleza kwa Kiingereza chake cha kuvunjikavunjika. Anti alimsikiliza mpaka mwisho. "Basi kitoe leo," akamwambia, akarudi kwenye televisheni yake. Yaya alikitoa. Dume aliita siku nyingi pale palipokuwa na kiota, kisha akanyamaza na kujibanza na wenzake kwenye kijiti. Yaya aliendelea kuwalisha, ila hakuwahesabu tena. Kabla baridi haijaisha walikufa wengine, mmojammoja, bila sababu tuliyoiona.

Kanisani, wakati wa maombi, yaya alisimama kwa mara ya kwanza akaomba waumini wamkumbuke mke wake na mtoto. Mchungaji aliuliza majina. Yaya alitaja la mke, akasema la mtoto hakuna, akakaa. Watu waligeuka kumtazama, kisha wakageuka mbele.

Mvua za kwanza zilipoanza, mtoto wa Anti aliiuza nyumba, akamhamishia mama yake kwake. Alikuja mtu na pikapu akawachukua chiriku kwenye maboksi yaliyotobolewa matundu. Mimi ndiye niliyemshikia mlango wa banda. Yaya alikuwa ndani anafunga masufuria kwa kamba. Tulikuwa tumepata chumba mtaa mwingine, Cato Manor, na fundi alikuwa bado hajatia kioo dirishani.