Mtoto Aliyeshika Sikio

Nakumbuka Jumatatu moja ya Januari, hapa Ubaruku, nilipopokea watoto wa darasa la kwanza kwa mara yangu ya kwanza. Mwanangu, wewe unayejiandaa kupokea wako, vumilia nikueleze aibu yangu. Najua sina mvi za kukuita mwanangu. Neno hilo nilipewa siku ile, na utamwona aliyenipa.

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea. Ualimu nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na aliyejifunza peke yake huogopa kila siku kwamba atagunduliwa. Ratiba ya wiki ya kuwakaribisha watoto niliiandika upya mara nne kwa sababu mstari mmoja ulipinda. Saa mbili nyimbo, saa mbili na nusu kuonyeshwa vyoo na bomba, saa tatu kujifunza kujipanga kengele ikilia, saa nne uji. Wazee husema mkamia maji hayanywi. Mimi niliyakamia.

Wakati wa kujipanga, mtoto mmoja aliniharibia mstari. Jina lake Atupele. Alikuwa amepitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ameshika sikio la kushoto, ananitazama bila kupepesa macho.

"Shusha mkono," nikamwambia.

Akashusha. Nilipopita tena, mkono uko juu.

"Atupele, sasa hatuchezi. Shusha."

Akashusha, na hakuinua tena. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Mstari ulikuwa umenyooka.

Saa nne tukagawa uji. Kila mtoto alichukua kikombe, na kikombe kimoja kikabaki kwenye sinia, uji wake ukiweka utando juu. Nikaita majina. Atupele hakuitika.

Mwanangu, unajua Januari mifereji ya mashamba ya mpunga inavyojaa. Nilikimbia juu ya tuta mpaka nikaona viatu vyeusi, vipya, vimepangwa pamoja ukingoni, soksi zimekunjwa ndani yake. Maji yalikuwa na rangi ya udongo, hayaonyeshi kitu.

Kisha nikasikia mtu akikohoa ng'ambo. Bibi mmoja alikuwa amesimama kwenye jaruba lake, miche ya mpunga mkononi, na Atupele pembeni yake, miguu kwenye tope. Alikuwa amevuka kwa ubao. Viatu alivivua visichafuke.

Nikavuka na mimi, nikiyumba juu ya ubao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, utaanguka. Huyu mjukuu wangu anasema umemkataa shule."

"Sijamkataa, bibi."

"Kakuonyesha sikio mara mbili, ukamwambia shusha. Sisi zamani mkono usipofika sikioni unarudishwa nyumbani ukakue. Mwezi mzima anajipima hapa. Juzi ndiyo umefika."

Nikajitetea kwamba siku hizi tunatazama cheti cha kuzaliwa.

"Hilo mimi sijui, na yeye hajui. Unajua wewe. Sasa ulishindwa nini kumuuliza, 'Mbona umeshika sikio?' Maneno matatu tu, mwalimu."

Nikachuchumaa, mikono nimeiegemeza topeni. "Atupele, nionyeshe."

Akamtazama bibi yake kwanza, ndipo akainua mkono. Vidole vikashika sikio.

"Umefika," nikasema. "Umepokelewa."

"Na wewe shika," bibi akaniambia, "tukuone kama umekua."

Nikashika. Tope likanichuruzika shingoni, na Atupele akacheka. Tulirudi naye ameshika viatu mkononi, na ule uji, japo umepoa, akaunywa wote.

Hofu haijaniisha. Mpaka leo natazama vikombe kabla sijatazama nyuso. Ila nakuusia, mwanangu: ratiba iandike kwa penseli. Mtoto anayerudia jambo lile lile mbele yako ana neno, na neno hilo ulitafute kabla hujamnyamazisha, maana mtoto aliyenyamaza anaweza kuwa ameshaondoka moyoni, miguu inafuata. Waliotutangulia walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliponywa na mgeni wa miaka sita.

Mungu akupe jicho la kuuona mkono ulioinuliwa. Wanaokuja kwako wavuke salama, na saa nne ikifika, kusibaki kikombe hata kimoja kwenye sinia lako.