Miti Minane ya Lusiola

Kwa miaka mitatu nimeapa kwamba sikumwona mtu kule kisiwani. Nilimwona. Tena tuliongea. Sinywi pombe, sikuwa na homa, na shahada zangu mbili bado zinaning'inia ukutani Kitale, hazijanisaidia kitu.

Kisiwa chenyewe si cha bahari. Ni kilima kikavu katikati ya kinamasi, kati ya Kitale na Bungoma. Mkoloni aliwafukuza watu akakifanya uwanja wa shabaha, na tangu hapo kikabaki cha wanajeshi. Kisha ikaamuliwa kiwe hifadhi ya nzohe, yule swala wa majini. Swala wakarudishiwa kwao. Watu, hapana. Kama pangepatikana makaburi, wenyewe wangeruhusiwa kuingia kuyazuru. Mimi ndiye niliyetumwa na wakubwa wa hifadhi kuangalia.

Nilivuka saa nane mchana, matope magotini. Nikatafuta simiti na misalaba. Nikaandika: hakuna.

"Umeandika nini, mukhana?"

Mwanamke wa miaka thelathini hivi. Mimi nimevuka hamsini, na ananiita msichana! Miguu yake ilikuwa mikavu, vumbi tupu. Nzohe, mnyama anayetoroka hata kikohozi, alisimama kando yake akitafuna majani.

"Nimeandika hakuna makaburi."

Akacheka. "Ati umesoma, na unatafuta simiti? Nani alikuwa na simiti wakati huo? Si uangalie miti!"

Nikaangalia. Miti minane ya lusiola, imenyooka mstari mmoja. Kaburi la babu yangu kule Bungoma lina mti wa lusiola kichwani, kama ilivyo desturi yetu. Niliumwagilia maji mimi mwenyewe nikiwa mdogo. Ni msitu gani hujipanga mstari?

Akauegemea mti wa mwisho. "Huu ni wangu. Wekesa bado analia usiku? Nilimwacha hajui hata kufunga kifungo."

Nilipoinua macho kutoka kwenye daftari, alibaki nzohe peke yake.

Dereva aliyekuwa akinisubiri ukingoni mwa kinamasi aliuliza nilikuwa naongea na nani. "Simu," nikasema. Mahali pasipo na mtandao!

Wiki iliyofuata, kwenye mkutano wa wakubwa na wenyeji, mzee mmoja kutoka Bumula alisimama kwa mkongojo. "Naitwa Wekesa. Mama yangu amelala kule. Mniache tu nimsalimie kabla sijafa."

Wakubwa wakanigeukia. Walishaniambia jibu wanalolitaka. Nami, kwa sauti yangu ya chuo kikuu, nikasema hakuna ushahidi.

Unajua alinijibu nini? "Asante, mwalimu." Asante! Angenitukana, ningelala.

Niamini, hadi leo nikiandika neno "hakuna" nalifuta kwanza. Nina hasira na mkoloni, na wanajeshi, na wakubwa walioona haki ya swala wasione ya mzee. Ila hasira kubwa ni kwa yule ninayemkuta kwenye kioo kila asubuhi. Nawe ukitumwa kuhakikisha kwamba watu hawakuwahi kuishi mahali, kataa kazi hiyo. Wapo, na wanasoma unachoandika.

Jana fundi anayezungushia kisiwa ua alinipigia; siku hizi mtandao umefika kule. "Madam, tunachimba mashimo ya nguzo hapa kwa hii miti. Tumepata mifupa. Bosi anasema ripoti yako imesema hakuna kaburi, tuendelee tu. Sasa, tuendelee?"

Nyuma yake mashine ilinguruma.

"Zima," nikasema. "Nilidanganya. Namleta Mzee Wekesa. Mti wa mwisho msiuguse, mama yake yuko hapo."