Pale Chai Ilipokatwa

Jiko la Kogo Tapkigen lilinuka moshi, mursik, yaani maziwa ya mgando, na mkaa uliosuguliwa ndani ya vibuyu, na mimi nilikua nikidhani hiyo ndiyo harufu ya saa kumi na mbili asubuhi popote duniani. Kogo ni nyanya kwa lugha ya Wakipsigis. Hakuwa nyanya yetu. Sisi tulikuwa Wajaluo wa kambini, watoto wa wafanyakazi wa shamba kubwa la chai upande wa Kimulot, naye alikuwa mwenyeji aliyekuwa na ng'ombe watatu na kipande cha mahindi ng'ambo ya ua wa shamba hilo. Kila asubuhi mama alitupitisha kwenye pengo la ua, mimi Atieno nikiwa na miaka kumi na mdogo wangu Akinyi mitano, akatukabidhi kama mtu anayekabidhi sufuria za jirani, kisha akakimbia. Nyapara aliita majina saa kumi na mbili na nusu, na jina likiitwa bila mwenyewe, kazi ya siku hiyo ilikuwa imekwenda. Shule nayo ilifungua lango saa moja na nusu, na bawabu hakutaka kuona mtoto kabla ya mwalimu.

Msomaji atauliza baba alikuwa wapi. Baba alikuwa kiwandani kwa zamu, na zamu ilipomwacha nyumbani mchana alikuwa amelala, na kumwamsha lilikuwa kosa kubwa kuliko kuvunja sahani zote za mama. Hivyo tatizo la saa lilikuwa la mama peke yake. Asubuhi kulikuwa na saa moja na nusu isiyokuwa na mtu, na mchana ilikuwa mbaya zaidi, maana Akinyi alikuwa chekechea na aliachiliwa saa sita, ilhali mama alitoka shambani saa kumi. Saa hizo zote alizibeba Kogo. Mama alijaribu kumlipa kwa kuni za michai iliyokatwa, akimpelekea mzigo kichwani kila Jumamosi. Kogo alikuwa na miti yake mwenyewe, ya kutosha kupikia harusi, lakini alizipokea na kuzipanga ukutani kwa heshima. Hakujua Kijaluo na mama hakujua Kipsigis. Walikutana katika Kiswahili kibovu ambacho kiliwatosha. "Mama Atieno, wewe enta kasi," alikuwa akisema. "Hii watoto iko na mimi."

Kazi yangu katika mpango huo ilikuwa ndogo. Kengele ya chakula ilipolia nilimchukua Akinyi chekechea, nikamshika mkono, tukafuata barabara ya murram, ile ya udongo mwekundu, katikati ya chai mpaka kwa Kogo, nikanywa maziwa yangu haraka na kurudi shule. Niliichukia kazi hiyo. Wenzangu walicheza mpira wa kati, mimi nilivuta mtoto aliyesimama kuangalia kila siafu. Akinyi hakuwahi kujifunza njia kwa sababu siku zote alikuwa na mkono wangu, na chai ni chai, huwezi kutofautisha mstari na mstari hasa kama kimo chako hakiipiti.

Muhula ule nilichaguliwa kuongoza wimbo wa darasa letu kwa ajili ya tamasha, na mazoezi yakawekwa saa ya chakula. Ningemwambia mwalimu, angenielewa. Sikumwambia, kwa sababu kulikuwa na msichana mwingine aliyeimba vizuri kama mimi na ambaye hakuwa na mdogo wa kuvuta. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimfikisha Akinyi barabarani, nikamgeuza uso kuelekea kwa Kogo na kumpa maelekezo kama mtu mzima. Wiki ile chai ya upande wa kushoto ilikuwa ikikatwa. Chai ikizidi kimo hukatwa mpaka magotini ili ichipuke upya, na asubuhi ya jana yake nilikuwa nimeona kwamba mwisho wa chai ndefu ulikuwa umeangukia sawasawa kwenye njia ya Kogo. "Fuata barabara," nikamwambia. "Pale utaona chai imekatwa, pinda kushoto." Akarudia maneno yangu bila kukosea hata moja, nami nikarudi kuimba.

Nilichosahau, mimi mtoto wa kambini niliyezaliwa ndani ya chai, ni kwamba wakataji hawakai mahali pamoja. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu nasi tulipita bila kuona, lakini walikuwa wamesonga wakija upande wa shule, na chai iliyokatwa sasa ilianzia kwenye njia nyingine, ile inayoteremka mtoni kuelekea msituni. Akinyi alifanya nilivyomwambia. Saa nane na nusu mvua ya mawe ikaanguka, ile ya kwetu inayochana majani na kufanya bati la darasa lipige kelele hata mwalimu anyamaze. Nilipotoka shule na kupita pale barabarani, niliona mahali chai ilipokatwa pamehama. Nikajiambia Akinyi ana akili, nikaenda nyumbani.

Mama alikuja saa kumi na robo akiwa bado amevaa aproni ya nailoni ya kuchumia chai, peke yake. "Kogo anasema Akinyi hakufika. Ulimwacha wapi?" Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Nilimwacha kwa mlango wa Kogo." Kwa maneno hayo kambi nzima ilikwenda kutafuta kwenye mahindi ya Kogo, kwenye zizi la Kogo, kwenye kisima cha Kogo, na hakuna aliyekwenda mtoni. Kogo mwenyewe alitafuta bila viatu kwenye barafu. Akarudi, akasimama mbele ya mama, akasema polepole, "Huyu mtoto hakufika kwangu leo, mama. Mimi nilikaa na maziwa yake mpaka ikapoa." Mama akamjibu mbele ya watu kwamba mtu asiyeweza kutunza mtoto aseme, asidanganye. Kogo akaniangalia. Aliniangalia kwa muda mrefu, naye alijua, nina hakika alijua. Kisha akageuka na kuendelea kutafuta.

Wakataji waliorudi kuchukua mapanga yao walimpata jioni giza likianza, amejikunyata chini ya michai karibu na mto, midomo imebadilika rangi, mabega yamevimba kwa mawe. Alilazwa kwa nimonia akapona, na kila mtu akamshukuru Mungu. Mimi nilishukuru pia kwamba hakuna aliyemuuliza mtoto wa miaka mitano alikuwa amefikaje pale. Mama aliziba pengo la ua kwa matawi. Kwa kuwa hatukupelekwa tena kwa Kogo, hapakuwa na mtu wa saa zile, na muhula ulipoisha Akinyi alipelekwa kwa nyanya yetu ziwani. Alikulia huko. Tunapoonana sasa ananiita dada kwa adabu, kama unavyomwita mwanamke aliyekuuzia nyanya sokoni, na nyumbani kwake ni kule. Naona aibu, na nimechelewa.

Leo nafanya kazi ya ofisi Kabianga na nina binti wa darasa la pili. Gari la shule humshusha saa tisa na nusu, mimi natoka saa kumi na moja. Ploti yetu ya nyumba za kupanga ina milango kumi na minne na maji ya mfereji, na kati ya milango yote hiyo hakuna hata mmoja ambao ningeweza kuugonga na kusema, huyu mtoto iko na wewe. Nimemfundisha kufungua kufuli, kujifungia ndani na kutomjibu mtu. Ninapoangalia saa ofisini ndipo ninapomwelewa mama, na ndipo ninapojua tulikuwa na nini.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu kutoka ziwani anakoishi sasa, akanipa habari kwamba yule mama mzee wa ng'ambo ya ua amezikwa. Alisema "yule mama mzee", hakutaja jina la Kogo. Nikamwambia yote, barabara, wimbo, chai iliyokatwa, na kile nilichosema saa kumi na robo.

"Alikuwa ananisalimu sokoni," mama akasema. "Miaka yote ile kabla nistaafu. Ananiuliza watoto wako aje, na mimi napita tu."