Upinde wa Mke Mwenzangu

Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Aliyeitunga methali hiyo hakuwahi kuolewa na mgane. Mimi nimeolewa na mgane, na la huyo asiyekuwepo nimelikuta ukutani, sebuleni kwangu hapa Temeke, juu ya televisheni: upinde wa mti, mrefu kunipita, mweusi kwa moshi na kwa jasho la mikono ya watu nisiowajua.

Ulikuwa wa baba mzazi wa marehemu, yaani mke wa kwanza wa mume wangu. Mzee huyo aliwinda nao huko Singida, na binti yake alipoolewa mjini akaja nao, kwa sababu ukoo wao una desturi. Siku binti anapoondoka kwao kwenda kwa mume, baba yake huuvuta upinde wa ukoo na kupiga mshale mmoja mbele ya watu, wakwe wajue kwamba huyu ana watu nyuma yake. Kisha upinde humfuata bi harusi, ukakae kwake mpaka naye apate binti wa kumwoza.

Niliposimuliwa desturi hiyo niliipenda kuliko zote za kwetu Uzaramo. Marehemu aliacha mtoto mmoja tu, wa kike, niliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo siku mtoto huyu atakapoolewa, upinde unatoka nyumbani kwangu na haurudi. Nadhani niliingoja harusi ile kwa hamu kuliko bi harusi mwenyewe.

Sifichi, nilikuwa na wivu, na ninao mpaka leo. Najua kumwonea wivu aliye kaburini ni jambo la kuchekesha. Mke mwenza aliye hai anakosea, anazeeka, anaunguza wali, unapata la kusema. Huyu wangu hajawahi kuunguza chochote. Picha zake mume wangu alizitoa mwenyewe kabla sijaingia, kwa heshima yangu, na nguo zake waligawana nduguze. Ila upinde, akasema, si wake yeye, ni wa ukoo. Nikasema sawa.

Lakini kama ni wa ukoo, mbona alikuwa akiushughulikia vile? Kila Ijumaa akitoka msikitini anaushusha, anauweka mapajani, anaupaka mafuta ya nyonyo taratibu kutoka ncha hadi ncha, huku midomo yake inacheza kama anaongea na mtu. Mimi ninayeshinda nimeinama napiga msasa vitanda vya watu, mgongo unaniuma tangu sijamjua, na hajawahi hata siku moja kuniambia njoo nikuchue. Nikipita pale nilikuwa namgusa na kiwiko kwa makusudi.

"Mzee, bibi mkubwa hajashiba tu mafuta?"

Anacheka. Hakasiriki. Afadhali angekasirika.

Basi binti akapata mchumba, fundi umeme wa Ukonga, kijana mwenye adabu. Siku ikapangwa, na dada wa marehemu akaja kutoka Singida kusimamia mambo ya ukoo wake. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, na tangu siku ya kwanza aliniita bi mdogo, kana kwamba bi mkubwa yupo jikoni anatusikia.

Wiki ile mume wangu akaushusha upinde ukutani na kunipa mkononi.

"Wewe ndo mtoto wa seremala," akaniambia. "Niangalizie. Miaka mingi haujavutwa. Uko salama?"

Baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza vitanda na makabati pale Keko, kando ya barabara. Alipofariki nikakishika mimi. Mbao naijua kwa macho, kwa harufu na kwa mlio. Upinde sijawahi kuunda, ila mti ni mti. Nikauchukua asubuhi, nikaulaza juu ya meza ya kazi, na nikaomba dua uwe mzima. Hakuna seremala aliyewahi kuiombea mbao afya kwa moyo mmoja kama nilivyouombea upinde wa mke mwenzangu. Uwe mzima, upigwe, upande bajaji, uende zako Ukonga.

Nikaanza na wadudu. Nikaugonga kwa ukucha mwanzo hadi mwisho, ukajibu vizuri, haukuwa na uwazi ndani. Nikautazama kwa jicho moja kama ninavyotazama mguu wa meza, haukuwa umejikunja upande. Nyufa zilikuwepo, lakini zilifuata urefu wa mti. Ufa wa namna hiyo ni makunyanzi ya uzee tu, haumdhuru mtu. Moyo ukaanza kufurahi. Nikapitisha kipande cha kanga kuukuu taratibu juu yake, maana kanga hunasa pale ambapo kidole kinadanganywa.

Ikanasa karibu na mshikio, upande wa tumbo, ule unaomtazama mtu anapovuta.

Nikafanya alivyonifundisha baba. Nikapangusa mahali pale kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikapaka chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa hurudi yakalowesha chaki, na ufa hujichora wenyewe. Ikajichora mistari myembamba kama nywele, na haikufuata urefu. Ilikata mti kwa upana. Huo si uzee tena, huo ni mti uliokwisha kuvunjika ndani, unangoja wa kumaliza.

Sababu niliijua palepale na nikacheka peke yangu, kicheko kibaya. Mwindaji akimaliza kazi hufungua kamba, upinde unyooke upumzike. Mume wangu, mtu wa bandarini, aliutundika umefungwa kamba miaka yote hiyo, kwa kuwa hivyo ndivyo unavyopendeza ukutani. Mti umeinama tangu mwenye nao afariki. Akaupaka mafuta kila Ijumaa, akaua kile alichokuwa akikitunza.

Nikakaa kwenye kigoda. Hakuna aliyekuwa ameniona. Ningeifuta ile chaki kwa kanga, nikarudi nyumbani nikasema uko salama, vuta. Angevuta mara moja tu. Pengine ungestahimili, mbona miti mingine yenye ufa hubeba paa mpaka wajukuu? Na jioni ile ile ukuta wangu ungekuwa wangu. Lakini nilijua jinsi upinde unavyovutwa, maana amenionyesha mara nyingi na mikono mitupu: kamba inaletwa mpaka shavuni, tumbo la mti liko mbele ya uso. Shavu hilo nalijua. Lina kovu dogo chini ya jicho la kushoto. Nikaacha chaki ilivyo nikaurudisha nyumbani.

"Haufai," nikasema. "Umevunjika ndani. Ukivutwa utaruka usoni mwa mtu."

Mume wangu akaitazama mistari, akaipitishia kidole. Dada wa marehemu ndiye aliyesema.

"Bi mdogo, upinde huu baba yetu kaulia nyama msituni, haukumvunjikia. Leo uje uvunjike juu ya meza yako?"

"Mie nasema ninachokiona, dada."

"Unachokiona ni marehemu. Huo wivu, mdogo wangu. Kila anayeingia humu anauonaga."

Binti akainamisha kichwa. Mume wangu akaendelea kuitazama mistari, asinitetee, na hilo likanikata kuliko maneno ya yule mwanamke. Wivu ni kidonda, na changu walikuwa wanakitia ndimu. Maana wivu nilikuwa nao kweli! Ila wivu wangu ulitaka niseme upinde ni mzima. Nilikuwa nimeukanyaga wivu wangu na miguu yote miwili ili nimwambie mume wangu ukweli, halafu ukweli wenyewe ndio ukaitwa wivu. Na ningejiteteaje? Niseme kwamba natamani kitu chenu kitoke nyumbani kwangu hata leo? Nikameza.

"Basi uvutwe bila mtu kuwa mbele yake," nikasema. "Twende Keko."

"Baba, tuujaribu," binti akasema. "Mie sitaki kuolewa huku wewe una bandeji usoni."

Tukaenda, sisi wanne. Nikaubana upinde katikati kwa jiliwa, nikaukinga kwa kitambaa usichubuke, nikafunga kamba ndefu kwenye kamba yake na kuipitisha dirishani. Sote tukasimama nje, nyuma ya ukuta wa matofali. Mume wangu akasema atavuta mwenyewe.

Akavuta nusu. Tukachungulia. Upinde ukainama vizuri, kwa madaha kabisa, na alipolegeza ukarudi.

"Umeona?" dada wa marehemu akaniambia.

Nilikuwa nimeona, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Acha niaibike. Acha waniite mwongo mpaka Singida, mradi uende. Akavuta tena, safari hii mpaka pale kamba ingefika shavuni. Nikasikia mlio mdogo, kama msumari unaoanza kung'oka.

"Legeza!" nikapiga kelele.

Hakuwahi. Ulivunjika kwa kishindo kilichowatoa mafundi wa vibanda jirani. Tulipoingia, nusu ya chini ilikuwa bado inaning'inia na kamba. Ya juu ilikuwa imeruka ikapiga kabati nililokuwa nimelipaka vanishi juzi, na kibanzi kirefu kimejichoma kwenye mlango wake. Mume wangu akasimama mbele ya kabati lile. Kibanzi kilikuwa sawasawa na macho yake.

Dada wa marehemu akasema alhamdulillahi, akaketi juu ya gunia la maranda. Mimi nikasimama nikingoja. Mimi ni binadamu, nilingoja shukrani. Nilingoja mume wangu ageuke aniangalie, aseme mbele ya yule mwanamke, mke wangu, ulisema kweli.

Akainama akaokota vipande. Akavikutanisha nyuzi kwa nyuzi, akaona vinaingiana, akalia. Mtu huyu alimzika mama yake macho makavu, mimi nikiwa pembeni. Jicho lake nililiokoa mimi, na kitu cha kwanza lilichofanya ni kumlilia mwenzangu.

Baadaye akajifuta kwa mkono wa shati, akanigeukia.

"Mke wangu, gundi itashika?"

Ningeweza kusema haitashika. Nani angebisha?

"Ya kuvutwa, hapana," nikasema. "Ya kutundikwa, itashika."

Harusi ikafanyika bila mshale. Mume wangu alisimama mlangoni akamshika binti bega mpaka gari likaja, wakwe wakaelewa. Nikamuuliza dada wa marehemu, kwa sauti ya upole niliyoitafuta sana, kama upinde ulioungwa si unaweza kwenda hivyo hivyo, ukatundikwe tu Ukonga. Akanitazama kwa mara ya kwanza bila ukali.

"Kilichovunjika hakimfuati bi harusi, mdogo wangu. Ni mkosi. Utabaki hapa kwenu."

Basi binti ameondoka, upinde umebaki. Niliuunga mwenyewe, nikaubana, nikaupiga msasa pale penye kiungo, nikautundika juu ya televisheni, bila kamba safari hii. Mzima ungehama, mbovu ni wangu mpaka nife.

Ijumaa anaupaka mafuta kama zamani. Juzi aliniita nimshikie, kwa kuwa penye gundi hapataki kukandamizwa. Nikauweka mapajani kwangu nikaushika kwa mikono miwili, yeye akapaka, taratibu, kutoka ncha hadi ncha. Mgongo ulikuwa unaniuma. Sikumwambia.