Marehemu wa Ukurasa wa Tisa

Hasira ya mtu ambaye hajamaliza chai haina dawa, na asubuhi hiyo Mwalimu alikuwa hajafika hata nusu kikombe. Mbele yake mezani kulikuwa na kijitabu cha sherehe, kimeletwa muda huohuo, bado kinanuka wino. Ukumbi wa maigizo ulikuwa unatimiza miaka arobaini jioni ile. Yeye, mwalimu wa uigizaji aliyekaa humo kuliko panya wa dari, ndiye aliyepewa kazi ya kuwashukuru wenzake na wanafunzi wake wa zamani. Aliandika kurasa kumi na mbili kwa mkono, ofisi ikazipiga chapa.

Alijisoma huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alifika alipomsifu mwanafunzi wake aliyeitwa Kigugumizi, ambaye siku ya kwanza darasani alishindwa hata kutaja jina lake, na leo akisimama jukwaani watu wanasahau kupumua. "Nilimwambia asipigane na neno," Mwalimu alikuwa ameandika. "Alingoje kama anavyomngoja mgeni aliyechelewa, mlango wazi. Neno lenyewe litaona aibu liingie." Alipasoma hapo mara mbili, maana palikuwa patamu. Kisha akafika ukurasa wa tisa, na kikombe kikarudi mezani.

"Mama," akamwita mkewe, "hebu njoo unisomee hapa. Macho yangu yanatukana watu."

Mkewe alikuja na mikono yenye povu la sabuni, akainama. "'Tunawakumbuka marehemu wetu,'" akasoma. "'Seremala aliyejenga jukwaa hili na kuigiza juu yake. Mshona mavazi wetu. Na mnong'onezi wetu mpendwa, aliyefia jukwaani.'" Akanyanyuka. "Ee. Si juzi nilikutana naye ananunua vitunguu?"

"Alikuwaje?"

"Mzima. Aliuliza hali ya goti lako."

Mwalimu akavaa viatu bila soksi.

Kama hujapata kukaa nyuma ya jukwaa, mnong'onezi ni yule anayekaa pembeni, nyuma ya pazia, na kitabu cha mchezo mapajani. Mwigizaji akipotewa na maneno, yeye humrushia mstari kwa sauti ndogo ya kumfika huyo peke yake, ukumbi mzima usijue. Mama huyu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na miwili. Waigizaji wote wakubwa wa ukumbi ule, Kigugumizi akiwemo, wamewahi kuazima ulimi wake. Hajapigiwa makofi hata siku moja. Na Jumatatu alikuwa anahamia kwa binti yake, safari ya siku mbili kwa basi, mtu wa umri ule hatarudi kutembea. Kwa hiyo ilikuwa jioni ileile au basi tena. Mwalimu, aliyemwita dada tangu ujana wao, alikuwa ameapa kwamba dada yule atashukuriwa akiwa hai, mbele ya watu. Sasa wamemshukuru, ila wamemzika kwanza.

Ofisi ya ukumbi ina meza moja, kabati moja la chuma, na katibu mmoja ambaye kila mtu humwita Faili. Faili naye alipita mikononi mwa Mwalimu, akashindwa. Mtihani wake wa mwisho bado unachekwa. Kitabuni paliandikwa kwenye mabano: anakohoa. Yeye akasimama katikati ya jukwaa akasema kwa sauti safi, "Anakohoa." Kisha akasema, "Anaanguka kitini." Akabaki amesimama wima kama mlingoti. Mwalimu alimwambia siku ile kwamba ana kipaji kikubwa sana cha kukaa ofisini, na hapo hakukosea.

"Wewe Faili, umemuua dada yangu kwa mashine ya chapa."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umemuua."

"Ofisi haiui mtu, Mwalimu. Ofisi inapokea, inachapa."

"Nimekufundisha miaka mitatu, na hii ndiyo asante? Mtu anapanga foleni ya vitunguu, wewe unamwandika marehemu? Hukuuliza? Huna mdomo? Huo ulionao wa kazi gani, wa kubandikia stempu?"

Faili alinyanyuka. Alifungua kabati, akatoa jalada, akanyonya kidole, akafunua karatasi moja baada ya nyingine kwa utaratibu wa kumuudhi hata malaika. Akaisukuma moja mbele. "Hii 'k' yenye mkia ni ya kwako, Mwalimu, au nimekosea?"

Ilikuwa yake. Mkia ule hata mahakamani angeukiri. Aliandika hivi: "Mnong'onezi wetu, tangu alipokufa jukwaani, hakupanda tena, ingawa nilimwokoa kwa kila hila niliyoijua. Tangu siku hiyo kitabu kikawa ndiyo nyumba yake."

"Hapo kwenye nyumba," Faili akasema taratibu, "nilijua ni lugha ya kaburi. Nikamhamishia kwa marehemu."

Sisi tulioiacha shule kabla haijatuacha tunajua jambo moja ambalo wasomi hawalijui: karatasi haina haya. Waigizaji wana neno lao. Mtu akisahau maneno mbele ya watu, akasimama kama nguzo, wao husema amekufa. "Jana ulikufa vibaya," huambiana huku wanakula, na aliyekufa anaomba aongezewe chumvi. Mwalimu aliliandika neno hilo kama anavyolisema kila siku. Akasahau kwamba litasomwa na mtu ambaye akiona anakohoa hakohoi.

Hasira yake ikawa kama mgeni aliyepiga hodi kwa kishindo akakuta si nyumba yenyewe. Ila mtu mkubwa harudi nyuma kirahisi.

"Chana ukurasa," akasema.

"Mgongoni mwake kuna wa kumi, ndio wenye picha ya Kigugumizi. Na leo ndiye mshereheshaji."

"Basi lete kalamu."

Wakagawana nakala mia mbili, mia kwa mia, wakaketi kwenye ngazi za jukwaa wakaanza kukata mstari wa mnong'onezi. Faili alikata kwa rula. Mwalimu alikata kama anayechinja. Aliyefia jukwaani, kata. Aliyefia jukwaani, kata. Ukisoma maneno mamoja mara moja, wewe ndiye unayeyasoma. Ukiyasoma mara sabini, yanaanza kukusoma wewe. Alipofika kwenye sabini na kitu, kalamu yake ikasimama.

"Imeisha wino?" Faili akauliza.

"Nyamaza, kata vyako."

Mchezo wa siku ile dada alipokufa jukwaani ulikuwa wa hakimu na mjane. Mwalimu alikuwa hakimu, kijana, kifua mbele, sauti ya kutikisa madirisha. Dada alikuwa mjane anayedhulumiwa shamba. Hotuba ya mjane ilikuwa kurasa mbili nzima, ndiyo roho ya mchezo, na ililala juu ya swali moja la hakimu: "Una shahidi?" Hakimu aulize, mjane ajibu. Usiku wa kwanza wa maonyesho hakimu hakuuliza. Swali lilimtoka kichwani kama maji kwenye pakacha, akaruka moja kwa moja kwenye hukumu. Mjane akabaki katikati ya jukwaa amefungua mdomo, kurasa mbili zimemkaa kooni, hana pa kuzianzia. Watu wakacheka. Hakimu akatia mzaha hapa, akatia mwingine pale, akapigiwa makofi mpaka pazia likafungwa. Nyuma ya jukwaa kila mtu akasema mjane amekufa, na hakimu amemwokoa. Kesho yake meneja wa wakati huo akampa dada yule kitabu na kigoda cha pembeni.

Dada akavipokea. Mwalimu naye akapokea sifa zake, wala hakumwambia mtu kwamba swali lililosahauliwa lilikuwa lake. Tena amelifundisha tukio hilo miaka yote darasani kama mfano: mwenzako akifa, mwokoe hivi. Kigugumizi alilinakili kwenye daftari. Hata Faili alilinakili.

Akakasirika upya, na safari hii hasira haikuwa na safari ndefu, maana mkosaji mwenyewe alikuwa amekaa palepale kwenye ngazi.

Saa kumi na moja mnong'onezi akafika, mapema kabla ya wageni, maana kazi yake ilimfundisha kuwatangulia waigizaji. Gauni la kijani, mkoba mdogo, miwani imefungwa kwa uzi. Akachukua kijitabu kwenye rundo ambalo halijakatwa, akafunua, akasoma. Akakifunga.

"Kaka," akamwambia Mwalimu, "nasikia nimefariki. Mbona sikualikwa mazishini?"

"Dada yangu, ni makosa tu. Makosa ya ofisi."

"Ya ofisi?"

"Ofisi hii, unaijua."

Faili alikuwa amesimama hatua tatu kutoka pale, jalada kwapani, mwandiko wenye mkia ndani yake. Alimtazama Mwalimu. Hakulitoa jalada. Mwalimu angependa alitoe, akasirike, agombane naye mbele ya watu ili mambo yaishe. Lakini Faili alisema tu, "Samahani sana, mama," akaenda kupanga viti.

Mnong'onezi akamfuata kwa macho, kisha akamrudia Mwalimu. "Huyo mtoto hajawahi kuandika neno ambalo hakupewa," akasema. Akaenda kukaa mstari wa mbele.

Ukumbi ukajaa. Kigugumizi alipanda, akasubiri maneno yake kama alivyofundishwa, akawaomba watu wasimame dakika moja kuwakumbuka waliotangulia mbele ya haki. Wenye vijitabu vilivyokatwa walisimama kwa ajili ya seremala na mshona mavazi. Wenye ambavyo havijakatwa walisimama kwa ajili ya watatu. Mtu mmoja tu alibaki kwenye kiti, miguu imepishana, mkoba mapajani.

Bwana wa nyuma yake akainama. "Mama, tunasimama kwa ajili ya marehemu."

"Ndio mimi," akamjibu. "Marehemu hasimami."

Minong'ono ikaenea, wengine wakaficha vicheko vyao kwenye vijitabu. Kigugumizi akakatisha dakika ikiwa bado nusu, akamwita Mwalimu.

Mwalimu akapanda na goti lake. Akamsifu seremala, mtu aliyeigiza mchana na misumari mfukoni, akisikia ubao unalia katika mchezo anainama kama mtu mwenye huzuni na kuupiga nyundo palepale. Akamsifu mshona mavazi, aliyemshonea mfalme joho kutokana na pazia la dirisha la ofisi, na meneja akakaa wiki nzima juani asijue nani kamwibia. Watu wakacheka. Sauti ilikuwa ileile ya kutikisa madirisha. Kisha akasema, "Na mnong'onezi wetu," na akanyamaza.

Maneno yalikuwepo. Aliyaona yote, yamejipanga, na la kwanza lilikuwa "mimi", na ndilo lililokataa kutoka. Akafungua mdomo, akaufunga. Jasho likamshuka hadi kwenye kola. Mwalimu wa waigizaji alikuwa amekufa mbele ya watu mia mbili, na hapakuwa na mtu pembeni wa kumwokoa, maana kigoda cha pembeni kilikuwa kitupu.

Ndipo ikaja kutoka mstari wa mbele ile sauti ndogo, iliyozoea kumfika mtu mmoja tu.

"Una shahidi?"

Waliokuwa karibu wanasema hawakusikia kitu. Mwalimu alisikia. Akashika mkongojo wa kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Swali hilo," akasema, "nilitakiwa kumuuliza mimi, miaka thelathini na miwili iliyopita. Nililisahau. Mjane hakufa. Aliyekufa jukwaani siku ile ni mimi, akazikwa yeye. Na mlionakili kwenye madaftari, kateni. Hata hicho kijitabu ni mkono wangu, ofisi haina kosa. Mimi sina shahidi, dada. Shahidi ni wewe."

Hakuna aliyepiga makofi, maana hawakujua kama inafaa. Mnong'onezi akasimama. Uso wake haukuwa na huruma kwa mtu yeyote.

"Umechelewa," akasema, sasa kwa sauti ya kufika mlangoni. "Shuka hapo."

Akapanda. Mwalimu, ambaye hajawahi kushushwa jukwaani na mtu, akashuka kwa ngazi ya pembeni, akakaa kwenye kile kigoda nyuma ya pazia, magoti yamefika kidevuni. Yule mama akaweka mkoba wake chini, akavua miwani, akaitoa hotuba ya mjane kurasa mbili zote, bila kitabu, bila kukwama. Aliitoa kwa hasira ambayo mwandishi wa mchezo hakuiandika. Mara moja tu alitulia katikati, na Mwalimu gizani akafungua mdomo ili amnong'oneze. Akagundua kwamba haijui hotuba ile. Maisha yake yote alikuwa akijua mistari ya hakimu tu.

Alipomaliza, ukumbi ulinguruma. Aliusikiliza mpaka ukachoka, akaokota mkoba wake. Akipita pembeni alimkuta Mwalimu amesimama, mkono ameunyoosha. Aliutazama ule mkono.

"Goti lako ulikande na maji ya moto," akamwambia, akapita.

Chini, kwenye kiti cha mwisho karibu na mlango, Faili alikuwa na rula yake. Faili husoma kilichoandikwa na kuandika kilichosemwa. Alifungua ukurasa wa tisa wa nakala ya kumbukumbu, ile inayobaki kabatini miaka yote. Akakata maneno mnong'onezi wetu mpendwa kwa mstari ulionyooka, na juu yake, kwa herufi nzuri, akaandika: mwalimu wetu mpendwa.

Maneno "aliyefia jukwaani" akayaacha kama yalivyo.