Picha ya Mwalimu Nekesa na Grupu ya Akina Mama

Najua hii aibu yangu imefika mpaka Karatina, na kila inapopita inaongezwa chumvi, kwa hivyo afadhali niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, mcheke mahali pa kucheka, lakini tukifika mwisho mtaniambia kama bado mnacheka, kwa sababu mimi nilishindwa.

Mnanijua, mimi ni fundi wa nguo hapa Mukurweini, niko na kibanda changu karibu na stendi ya bodaboda, na simu ndiyo bango langu: nikimaliza rinda nalipiga picha, naizungushia maua na apu moja ya kurembesha picha, halafu naishea kwa watu wangu wote. (Nilikuwa najiona mtaalamu kabisa.) Rafiki yangu wa karibu alikuwa Mwalimu Nekesa, mama wa kutoka Bungoma aliyeletwa kufundisha shule ya msingi hapa kwetu, akakaa mpaka akajua kufukuza kuku kwa Kikuyu. Mwalimu ni mtu wa kujiheshimu. Hungemwona bila kitambaa kichwani, amekifunga juu kama taji, na akina mama wa kanisa walikuwa wananiletea vitambaa ati niwapindie kama cha Mwalimu.

Jumamosi moja asubuhi akaingia kwangu, akafunga mlango, akaketi, akafungua kile kitambaa. Nywele zilikuwa zimetoka mabaka mabaka, hapa kuna nywele, hapa ni ngozi tupu inang'aa, na kule kisogoni hakukuwa na kitu kabisa.

"Zilianza kutoka nilipomzika mama," akaniambia. "Hata watoto wangu hawajui. Mama Kevo, si ulisema una binamu Kerugoya anayefanya kazi kwenye kliniki ya ngozi? Mwonyeshe, aniambie kama ni ya kutibiwa ama ni ya kuvumilia tu."

Nikamwambia basi ajipige picha anitumie, akakataa, kwa sababu watoto wake hushinda na simu yake wakicheza gemu.

"Piga na yako," akasema. "Ukishamtumia, futa."

"Hiyo ni kazi ya dakika," nikamjibu, na sauti ya mtu anayejua mambo.

Nikampiga picha ya kisogo, sura haionekani, Mwalimu akafunga kitambaa chake akaenda zake nyumbani. Sasa sikizeni. Ningetuma ile picha vile ilivyokuwa, hatungekuwa tunaongea haya. Lakini niliona imetoka giza, nikasema wacha niing'arishe kidogo ndio binamu aone vizuri, nikaifungua kwa ile apu yangu, nikaing'arisha, nikachora mshale mwekundu, nikaandika ANGALIA HAPA kwa herufi kubwa, na yale maua ya pembeni yakajileta yenyewe kwa sababu ndiyo niliyotumia mara ya mwisho, nikajaribu kuyatoa yakakataa, nikasema basi, binamu ni mtu wa nyumbani, atavumilia maua.

Ukibonyeza kushea, hiyo apu inakuletea viduara vidogo vya watu uliowatumia vitu juzi juzi. Binamu yangu ameweka picha yake akiwa na sare ya buluu ya kazi. Grupu ya akina mama wa kanisa imeweka picha yetu tukiwa na sare ya buluu. Miwani yangu ilikuwa juu ya cherehani, na mteja alikuwa anagonga mlango kama polisi. Nikabonyeza buluu niliyoiona, nikatupa simu kwa droo, nikaenda kupima mtu kiuno.

Kurudi, simu inatetemeka kama iko na homa.

"Woi, ni nani huyu?"

"Chairlady, hii ni tangazo ya nini?"

"Hizo maua ni za harusi ama mazishi?"

Nikaikandamiza ile picha na kidole, simu ikaniuliza kama nataka kuifuta kwa kila mtu ama kwangu peke yangu, na mimi na hii mikono inayotetemeka (na bado sijavaa miwani, jameni) nikabonyeza ya chini, picha ikapotea, nikashusha pumzi, nikasema asante Mungu. Kumbe ilipotea kwangu tu. Grupu nzima walikuwa wanaiona, na mimi niliyeituma ndiye pekee ambaye singeweza tena kuiona wala kuifuta.

Chairlady wetu, yule anayeongoza grupu, akanipigia simu, na sauti yake ilikuwa ya msiba.

"Mama Kevo, usiogope. Tumeshajua ni wewe."

"Ati mimi?"

"Hiyo pazia ya manjano si ya kwa kibanda yako? Na si ni wewe umetuma? Kumbe hizo nywele zako ni wigi? Mbona unaugua na hutuambii? Haki tumelia hapa."

Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Nikaona mlango umefunguka: nikikubali ni mimi, hakuna atakayemfikiria Mwalimu. "Ndiyo, ni mimi," nikasema, tena nikakohoa kidogo, kana kwamba nywele hutoka kwa kifua. Nikajiambia nimemfunika rafiki yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kumwambia. Mwalimu naye yuko kwenye hiyo grupu, na nilijua. Nikajipa moyo kwamba labda hana bando, labda watoto wako na simu. Nikashika yangu nimpigie, nikaiweka. Nikaishika tena, nikakumbuka kuna suruali ya mtu ya kupunguza.

Uongo nao ukataka kulishwa. Ikabidi nianze kufunga kitambaa kila siku. Akina mama wakaniletea mafuta ya avokado, mwingine akaniletea maji ya vitunguu kwa chupa ya soda na akasimama hapo mpaka nikajipaka mbele yake pembeni ya kitambaa, mpaka mzee wangu akaniuliza jioni kama siku hizi nashona ama nauza chipsi. Wateja wengine walianza kujipima wenyewe wakiwa mlangoni, wananitajia namba kwa mbali, ati kama ni ugonjwa wa kuambukiza. Na mimi, badala ya kusikia aibu, nilikuwa naona nateseka kwa ajili ya rafiki.

Wiki iliyofuata tukawa na mkutano wa akina mama nyumbani kwa Chairlady. Mwalimu alikuwepo, ameketi karibu na mlango, kitambaa chake kimefungwa vizuri kama kawaida. "Habari yako, Mama Kevo," akanisalimia, na hakuongeza neno. Nikafurahi, mnajua? Nikasema, hajaona.

Baada ya chai Chairlady akasimama. "Leo tunaombea dada yetu. Mama Kevo, kuja hapa katikati, upige magoti, utoe hiyo kitambaa tukupake mafuta."

Chini ya hicho kitambaa nilikuwa na nywele zangu zote, nyingi, nimesukwa vizuri. Nikakishika na mikono miwili.

"Daktari alikataza upepo," nikasema.

"Sisi si upepo. Sisi ni dada zako. Toa."

Mikono ikaanza kuja, huyu anavuta huku, huyu ananibembeleza kama mtoto wa chanjo, mama mmoja mzee ameshafungua chupa, na mimi nimepiga magoti kwa zulia ya watu nimeng'ang'ana na kichwa changu. Kama kuna siku nilitamani kuwa na upara ni hiyo.

"Mwacheni."

Ilikuwa sauti ya Mwalimu, ile ya darasani. Alikuwa amesimama.

"Nywele zake ziko sawa. Kile kichwa ni changu."

Akafungua kitambaa mbele ya watu wote, polepole, akakikunja, akakishika mkononi. Halafu Chairlady akamwendea akamkumbatia, na wengine wakafuata, wakalia wote pamoja pale mlangoni, na mimi nikabaki katikati ya nyumba nimepiga magoti, hakuna aliyekumbuka kuniambia niinuke.

Nilimfuata nje alipokuwa anaenda. "Mwalimu, nisamehe, haki ya Mungu ni kidole, sikuwa na miwani, nilitaka tu binamu aone vizuri..."

"Kidole nilikisamehe siku ile ile," akaniambia. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Ile picha niliiona ikiingia, Mama Kevo. Nikakaa na simu mkononi nikisema, sasa atanipigia. Kukafika jioni. Jumapili kanisani nikasema, leo atanivuta kando. Uliweza kuwadanganya akina mama wote, ukashindwa kuniambia mimi."

Akageuka, akashika njia.

Aliyempeleka Kerugoya ni Chairlady, si mimi. Nilimuuliza binamu yangu wanaendeleaje, akaniambia mambo ya mgonjwa ni ya mgonjwa, na nilistahili jibu hilo. Huwa nasikia kutoka kwa watu kwamba nywele zimeanza kurudi, amezikata fupi, na sokoni anatembea kichwa wazi. Tukikutana ananisalimia vizuri tu, anauliza Kevo anasoma aje, ananiambia mvua imechelewa. Anaongea na mimi vile anaongea na mzazi yeyote wa shule. Nguo zake sasa zinashonwa na fundi wa Karatina.

Ile apu niliitoa kwa simu, na picha ya mtu mwingine siishiki tena: ukitaka kutuma chako, tuma na mkono wako. Lakini si hilo nililoapa. Kukosea nitakosea tena, najijua. Nilichoapa ni kwamba siku nitakapomkosea mtu, nitampigia hapo hapo, mikono ikiwa bado inatetemeka, kabla sijatafuta maneno mazuri. Akinitukana, anitukane. Akikata simu, nitapiga tena.