Nilizima Taa ya Gari ya Mutoto Yangu

Gari yenye kuwaka taa mchana, bale baasi ba pori banaipiga masasi.

Njo maneno yenye iliingia mu masikio yangu asubuhi moja kwenye soko ya Bungulu, hapa Beni, na ikakataa kutoka.

Ni Hulda aliileta, jirani yangu wa kuuzisha unga. "Ma Kavuo, hesabu wewe mwenyewe. Magari tatu bameshambulia mu barabara ya Butembo mwezi huu. Zote tatu batu balizikuta na taa inawaka, jua iko juu! Bale banatafuta taa."

Nikacheka. Lakini maharagi yenye nilikuwa napimia mukiliya, nikaipima mara mbili.

Juu gari ya mutoto yangu ilikuwa ya namna ile.

Zacharie alikuwa na miaka makumi mbili na saba. Baba yake alienda shamba mu 2014, mwaka bale ba pori balianza kuua batu, hakurudi. Tulibaki bawili tu.

Alikuwa shofere wa teksi, anabeba bakiliya kati ya Beni na Butembo, na gari moja ya kijivu yenye ilitoka Ulaya. Ukiwasha motere, taa mbili za mbele zinawaka zenyewe, hata saa sita ya mchana. Bouton ya kubonyeza uzizime, hakuna.

Na pale mbele ya volant ya kuongoza gari kulikuwa taa kengine kadogo, kataa ka rangi ya machungwa, kamechorwa kama pneu, tairi. Zacharie alikuwa anajivunia kale kuliko redio.

"Mama, pneu ikipunguka upepo, gari inaniambia."

"Ah, gari inasema na wewe? Basi iambie izime taa."

"Aka, Mama! Taa ni ya kuonekana. Camion ya mizigo ikitoka mu vumbi, inaniona mbali."

"Na bale ba pori banakuona karibu?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko ya baba yake, ya kuanzia mu tumbo.

Siku tatu sikulala. Kila gari yenye ilipita na taa, nilikuwa naona kidole kinaonyesha mutoto yangu.

Siku ya ine, akitaka kutoka, nikasimama mbele ya gari. Nikashika maziwa yangu, majirani bote banaona.

Mwenye hajue kwetu, nimuelezee. Mama akishika maziwa yenye ulinyonya, akisema usifanye, haufanye. Ukifanya, ni laana. Mama wa akili anaweza kufa bila kuishika hata mara moja.

Mimi niliishika juu ya maneno ya soko.

Zacharie akakata motere. Akatoka mu gari.

"Ma, haukupashwa kufikisha mambo pale."

Halafu: "Basi. Twende kwa Maliro."

Maliro ni fundi wa umeme ya magari, kule Mulekera. Akafungua kapo, kifuniko ya motere, akatukodolea macho.

"Batu banakuja kwangu niwashe taa. Nyinyi munataka nipofushe gari nzima?"

"Kata," nikasema.

Akakata uzi ya umeme. Taa ikakufa. Nikapumua mara ya kwanza tangu Hulda afungue kinywa.

Zacharie akawasha motere tena. Kale kataa ka machungwa kakawaka. Tukangoja kazimike, kama siku zote. Hakakuzimika.

"Gari imenuna juu nimeikata uzi," Maliro akasema. "Haina kitu. Itazoea."

Zacharie akazunguka, akapiga kila pneu teke, kama vile bashofere banafanya. Akasikiliza. "Ziko muzima. Ni ile uzi tu."

"Na kale kataa, kanaonekana inje?"

"Hapana, Ma."

Lakini roho yangu ilikataa. Nikaomba kipande ya scotch nyeusi, ule utepe wa gundi. Nikapitisha mukono chini ya volant, nikabandika juu ya kale kataa. Mimi mwenyewe. Nikabonyeza na kidole gumba mpaka kukakuwa giza.

Siku ya posho, Jumamosi, alitoka peke yake. Bakiliya balikuwa banamungoja Butembo.

Munajua kile kipande ya barabara ya Butembo mbele ya kijiji ya Maboya, pale pori inakamata barabara pande mbili. Mwaka ile ya 2020, pale hakuna shofere alikuwa anaenda pole. Kila mutu alikuwa anakanyaga mpaka chini na kuomba Mungu.

Saa ine ya asubuhi, simu ikalia. Ni Élysée, shofere mwenzake, mwenye alikuwa nyuma yake na gari yingine.

"Ma Kavuo, ikaa chini kwanza."

"Bamemupiga masasi?"

"Hapana, Ma. Hata lisasi moja haikulia. Pneu ya mbele ilipasuka. Gari ikapinduka."

"Aksanti Yesu! Basi atapona. Iko hospitali gani?"



Nikaita "Élysée! Élysée!" Nikasikia analia, yeye mwanaume mukubwa.

Mu matanga Élysée alikuja na musumari. Kwado, mutengenezaji wa pneu, aliutoa mu ile yenye ilipasuka. Ulikuwa umekula kutu. Élysée akaniambia:

"Huu haukuingia siku ile, Ma. Upepo ilikuwa inatoka pole pole, siku nyingi. Jicho haiwezi kuona. Lakini gari yake ilikuwa na kataa ka kuonya. Hakakumuambia?"

Nikapokea ule musumari. Kale kataa hakakuwa kamenuna. Kalikuwa kanasema kweli.

Nikamuuliza juu ya zile magari tatu. Ni kweli balizikuta na taa inawaka?

"Ni kweli. Moja, nilifika mimi mwenyewe. Shofere aliruka akakimbia, motere ikabaki inanguruma. Gari za siku hizi hazizimi taa kama haujakata motere. Taa haikuita masasi, Ma. Masasi ilikuja, mutu akakosa nafasi ya kuzima."

Nilisoma mpaka mwaka ya tano ya primaire tu. Kuandika hii imenikamata wiki mbili. Hulda anakuja kulia na mimi, simuchukii. Yeye alileta maneno. Mukono ilikuwa yangu.

Mama mwenye uko na mutoto mu barabara, epuka hii:

Kuamini habari yenye haujauliza mutu mwenye alifika pale.

Kukatisha taa yenye gari ilikuja nayo.

Kufunika kataa ka pneu. Kakiwaka, enda kwa kwado bapime upepo, hata ukichelewa.

Kupima pneu na teke.

Kushika maziwa juu ya woga.

Na ukienda mu matanga ya mwenzako, epuka kumuambia "Mungu alipenda." Bote balikuja kuniambia vile. Mungu hakubandika scotch.